Mume Wangu Alikonda, Nikamhukumu Kabla ya Daktari

Kila mwezi kwenye kurasa hizi mimi huwa nakaa upande wa pili wa meza. Nasoma barua zenu, nafupisha, narekebisha nukta na koma, halafu natafuta kichwa cha habari cha kuvutia. Mwezi huu nimeamua kuandika ya kwangu. Si kwamba nina ujasiri sana, la hasha. Nimeona wanandoa wengi wa rika letu wakifanya kosa nililolifanya mimi, na mimi nusura linigharimu ndoa.

Mume wangu ni mtaalamu wa kilimo, kazi yake ni kahawa. Kwao ni Nyaishozi, wilayani Karagwe, na tangu 2020 amekuwa akifanya kazi hukohuko nyumbani, huku mimi na binti yetu tukibaki Dar es Salaam. Ndoa ya simu, mnaijua wenyewe. Asubuhi "umeamkaje", usiku "lala salama", katikati ni kulalamika kuhusu mtandao. Tulijipa miaka mitatu, tumalize nyumba, kisha mmoja wetu ahame.

Ilikuwa Mei 2022, kahawa inaanza kuvunwa, aliponiambia kwa mara ya kwanza kwamba tumbo linamsumbua. Nikamwambia anywe maji ya chumvi na sukari. Juni akasema tena. Julai akasema ni chakula cha hotelini Omurushaka. Kila nilipouliza alikuwa na maelezo, na mimi niliyapokea maelezo yake kama tunavyopokea salamu, bila kuyasikiliza.

Agosti alikuja Dar kwa wiki moja. Alipovua shati nilishtuka. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Usiku aliamka mara tatu kwenda chooni, akijitahidi asiniamshe. Niliamka. Nikajifanya nimelala.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Mimi nina shahada ya mawasiliano, ofisini nalipwa kwa kuuliza watu maswali, lakini mume wangu mwenyewe nilishindwa kumuuliza swali moja. Niliogopa jibu. Na kwa kweli, kichwani jibu nilikuwa nalo tayari.

Mkoa unaojua kusoma mwili

Ili unielewe, lazima nikwambie kidogo kuhusu Kagera. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligundulika mkoani humo mwaka 1983. Kabla ya jina hilo kufika vijijini, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kinaingia kwa magendo kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka, huko Rakai, waliuita Slim, na mwaka 1985 madaktari waliandika kuuhusu katika jarida la Lancet. Dalili zake zilikuwa wazi kwa kila jirani: mtu mzima anaharisha wiki nenda rudi, anakonda, nguo zinamvaa badala ya yeye kuzivaa.

Wazazi wa wenzetu wa Kagera walijifunza somo hilo kwa machozi. Ukienda nyumba nyingi utaonyeshwa makaburi kwenye shamba la migomba, na umri wa waliolala pale ni wa kusikitisha. Baba mdogo wa mume wangu yupo mmojawapo. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, na aliyemuuguza hadi mwisho ni mama mkwe wangu, shemeji yake.

Siku hizi mambo yamebadilika sana. Tangu 2004, Serikali ilipoanza kutoa dawa za ARV bure, mwenye VVU anayezingatia dawa anafanya kazi, anaoa, anazaa mtoto asiye na maambukizi na kulea wajukuu. Lakini jicho la watu halikubadilika kwa kasi hiyo. Sisi tuliokua miaka ya 2000 tulikuwa na misemo yetu: "amekanyaga miwaya", "ana ngoma". Tulicheka. Mtu akikonda tu, kesi imekwisha, hukumu imesomwa.

Basi na mimi nikaisoma ileile kwa baba wa mtoto wangu. Nilihesabu: yuko peke yake kule miezi kumi na moja kwa mwaka, ana pikipiki, ana mshahara, kijana mtanashati. Nikaanza kukumbuka kila usiku ambao simu yake haikupatikana.

Maziwa ya mama mkwe

Desemba 2022 tulikwenda Nyaishozi kwa Krismasi, mimi na mtoto. Alitupokea stendi Kayanga, na binti yangu wa miaka minne akasita kumkimbilia. Alipopanda mizani ya kituo cha afya siku mbili baadaye ilionyesha kilo 58. Siku ya harusi yetu alikuwa na kilo 74.

Mama mkwe alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakusema neno. Ila kila asubuhi na kila jioni alimletea mwanawe kikombe kikubwa cha maziwa ya ng'ombe wake, yaliyochemshwa vizuri, na kusimama pembeni hadi kikombe kiishe. Huku kwao ng'ombe ni heshima na maziwa ni dawa ya kila aliyedhoofika. Mume wangu alikunywa kwa utii. Baada ya nusu saa tumbo lilianza kunguruma hadi sisi tuliokaa naye tunasikia, linajaa kama ngoma, na yeye anatoka mbio nyuma ya nyumba.

Jikoni, wanawake waliokuwa wanamenya ndizi walinyamaza kila nilipoingia. Siku ya tatu shangazi mmoja, mama wa makamo mwenye huruma kabisa, alinivuta kando akaniuliza polepole, "Mwanangu, wewe umeshapima?" Hakuuliza kama mume wangu amepima. Kwake hilo halikuwa swali tena.

Kesho yake niliaga kwamba nakwenda Kayanga kununua vitu vya mtoto. Nilikwenda kupima. Yule nesi alinipa ushauri nasaha, akanitoboa kidole, tukasubiri. Hasi. Unadhani nilifurahi? Nilifurahi kwa dakika tano. Halafu nikaanza kujiuliza kama niko kwenye kipindi cha dirisha, maana tulikuwa tumekutana mwisho Agosti na sasa tena. Kikaratasi nikakificha kwenye mfuko wa ndani wa mkoba, na nyumbani nikarudi na soksi za mtoto.

Vikaratasi vitatu

Usiku huo alipokwenda kuoga nilipekua. Msomaji, usinilaumu kama na wewe umewahi kupekua. Nilianza na simu, nikakuta bei za kahawa, picha za binti yetu, na meseji zangu mwenyewe. Nikaingia kwenye begi la kazi. Katikati ya daftari la wakulima nikakuta vikaratasi vitatu vimekunjwa pamoja. Majibu ya VVU ya Julai, Septemba na Novemba. Yote hasi.

Nilikaa kitandani nimevishika. Akaingia na taulo kiunoni, mbavu zinahesabika, akaniona. Nikafungua mkoba wangu, nikatoa cha kwangu, nikakiweka juu ya vyake.

Tulitazamana. Watu wawili wenye ndoa, wenye elimu zao, kila mmoja amekwenda kupima kwa siri na kurudi na jibu jema, na hakuna aliyethubutu kumwambia mwenzake.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambiaje, mama?" akanijibu. "Ningesema tu nimekwenda kupima, ungeuliza nilikuwa na wasiwasi gani. Na nikisema nimepima mara tatu, je?"

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu ndivyo hasa ningeuliza.

Mama mkwe alipoambiwa kesho yake, alitikisa kichwa tu na kusema vipimo vya siku hizi vinakosea. Hata jibu la kisayansi halikuweza kushindana na kile alichokiona kwa macho yake miaka thelathini iliyopita. Na hapa ndipo pa hatari. Kila aliyemtazama mume wangu, tangu mimi hadi mama yake, alikuwa anabishana na jibu la VVU. Hakuna aliyeuliza swali lililofuata: kama si hicho, basi ni nini?

Maana mpaka wakati huo alikuwa ametibiwa kila kitu kwa kubahatisha. Duka moja la dawa walimpa za minyoo. Zahanati moja wakasema taifodi, akachomwa sindano siku tano. Sehemu nyingine walimpa Flagyl, akapata nafuu siku ya pili, akaziacha. Kipimo cha choo alifanya mara moja tu, hakikuonyesha kitu, biashara ikaishia hapo.

Maswali sahihi

Aliyetufungulia njia ni tabibu mmoja kijana, hukohuko Karagwe. Alivitazama vile vikaratasi, akaviweka pembeni, akasema, "Haya, hiyo tumeshaimaliza. Sasa nielezeni tumbo." Kisha akauliza maswali ambayo mimi mke sikuwahi kuyauliza.

Ni muda gani? Miezi saba. Akasema kuharisha kunakozidi wiki nne si tumbo la kawaida tena, kuna jina lake na kuna uchunguzi wake. Choo kikoje? Samahani kama unakula: cheupecheupe, cha mafutamafuta, kinaelea, hakitaki kuondoka na maji, na harufu yake haielezeki. Akasema hiyo ni dalili kwamba utumbo mwembamba haufyonzi chakula, hasa mafuta. Maziwa je? Yanazidisha. Akatabasamu kidogo. Utumbo mwembamba ukiumwa, alisema, kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hupungua kwa muda, hivyo maziwa hugeuka gesi na kuhara. Mama mkwe alikuwa anamnywesha mwanawe upendo na tatizo kwa kikombe kimoja.

Swali la mwisho ndilo lililonishangaza. "Ulipokuwa mtoto, kifua?" Mume wangu akasema ndiyo, alikuwa mtoto wa mafua, masikio kutoa usaha, vichomi viwili kabla ya darasa la nne. Mpaka leo hapiti mwaka bila kuumwa sinasi. Tabibu akaandika kwa kirefu, akatupa rufaa kwenda Mwanza.

Kivukoni

Januari 2023 tulisafiri kwa basi kupitia Biharamulo na Geita. Sasa hivi pale Busisi kuna daraja la kilomita 3 lililofunguliwa 2025, unavuka kwa dakika chache. Sisi tulivuka kwa kivuko. Tulipofika foleni ilikuwa ndefu, na yeye alikwenda chooni mara mbili kabla hatujaita tiketi zetu. Alirudi amelowa jasho, akaegemea ukuta wa kivuko, akaangalia maji.

Akaniambia kwamba kilichomuumiza zaidi ya tumbo ni Agosti. Alijua kuwa niliamka. Kila usiku aliposimama alisubiri nimuulize, "Baba, vipi?", na aliposikia pumzi zangu za kujifanya nimelala alielewa ninachowaza. Akaamua kunyamaza na yeye, kwa sababu mtu aliyekwisha kuhukumiwa akijitetea anaonekana muongo zaidi.

Nilimwomba msamaha pale pale, kati ya malori ya ndizi na mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Tukapime kwanza." Nililipokea hilo kama lilivyo.

Kama buni kwenye mkeka

Mwanza walianza upya kwa utaratibu. Choo mara tatu, siku tofauti, kwa sababu kuna wadudu ambao hawaonekani kila siku. Damu. VVU tena, kwa itifaki. Kisha mpira mwembamba wenye kamera ulipitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na siku nyingine kutoka chini, kupitia utumbo mpana hadi mwisho wa huo mwembamba.

Daktari alituonyesha picha kwenye kompyuta. Ukuta wa utumbo, ambao kwa kawaida ni laini kama zulia, ulikuwa umejaa vinundu vidogovidogo, vingine milimita 2, vingine vinakaribia milimita 10, vimesambaa kila mahali. Mume wangu, mtu wa kahawa, akasema, "Kama buni zilizoanikwa kwenye mkeka." Daktari akacheka, akasema atalitumia hilo kufundishia.

Akatueleza hivi. Utumbo wetu mwembamba, wenye urefu wa mita kama 6 hivi, si bomba la chakula tu. Ni kituo kikubwa cha ulinzi wa mwili. Ndani ya ukuta wake kuna tishu za limfu, ndugu wa ile mitoki inayovimba kwenye nyonga ukiwa na kidonda mguuni. Daktari wa Uswisi aitwaye Johann Conrad Peyer alizieleza mwaka 1677, na mpaka leo mafungu yake makubwa yanaitwa kwa jina lake. Kila mtu anazo. Kwa mume wangu zilikuwa zimevimba na kuongezeka. Jina la hali hiyo ni refu: haipaplasia ya limfu ya vinundu.

Kwa watoto huonekana mara nyingi na hupotea yenyewe. Kwa mtu mzima ni nadra. Wengi walionayo hawana dalili hata moja, inaonekana kwa bahati wakichunguzwa mambo mengine. Wenye dalili huwa na kuharisha kwa muda mrefu, maumivu ya tumbo, kujaa gesi na kupungua uzito. Mara chache hutokea kutoka damu au utumbo kuziba. Na mara nyingi nyuma yake kuna chanzo kinachozichokoza tishu hizo bila kupumzika: kinga yenye upungufu wa kuzaliwa, vijidudu vya jiadia, au bakteria wa vidonda vya tumbo. VVU navyo vinaweza kuwa chanzo, kwa hiyo kupima si jambo la aibu wala la kuruka. Ni hatua ya kwanza tu.

Halafu akataja neno nililoliogopa: limfoma, yaani saratani ya tishu za limfu. Kwa macho, alisema, vinundu hivi na aina fulani za limfoma vinaweza kufanana. Ndiyo maana walikata vipande vidogo vya nyama kupeleka chini ya hadubini.

Tulisubiri wiki tatu. Usiku lojini nilisoma kila nilichokipata kwenye simu. Nilisoma habari za Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, ambaye mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, na uvimbe ule ukaja kujulikana duniani kama limfoma ya Burkitt. Nikawaza, basi na hili nalo la ukanda wetu. Nilikuwa nimetoka kumhukumu kwa ugonjwa mmoja, sasa namzika kwa mwingine.

Majibu

Si limfoma. Daktari alitueleza kwamba katika saratani seli zote hutokana na seli moja iliyoasi, zinafanana kama nakala za fotokopi. Za mume wangu zilikuwa mchanganyiko wa askari wa kila aina, walioitwa kwenye vita halali. Na adui alipatikana kwenye sampuli ya tatu ya choo: jiadia. Huyu ni kijidudu wa zamani. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alimwona mwaka 1681, kwenye choo chake mwenyewe, kwa lenzi alizozitengeneza kwa mkono. Anaishi kwenye maji machafu, na dawa ya klorini kwa kiwango cha kawaida haimmalizi vizuri. Mume wangu msimu mzima alikuwa anakunywa maji ya chemchemi kwenye mashamba ya wakulima, kwa heshima, kama mgeni anavyotakiwa.

Lakini wakulima wale walikunywa maji yaleyale na hawakukonda. Kwa nini yeye? Jibu lilikuja na kipimo cha damu kilichopelekwa maabara ya mbali. Imunoglobulini A, kinga inayolinda njia zote zenye ute, yaani pua, kifua na utumbo, kwake ilikuwa karibu haipo. Amezaliwa hivyo. Kinga nyingine zilikuwa sawa. Ndiyo maana ya mafua ya utotoni, masikio na vichomi. Uhusiano wa upungufu wa kinga, jiadia na vinundu hivi si mpya kwa madaktari. Hermans na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliuandika mwaka 1966. Maisha yake yote mwili wake ulikuwa unatuambia, na sisi tukasoma ukurasa mmoja tu wa mwisho.

Matibabu yalikuwa rahisi kuliko safari. Alipewa dawa za jiadia, safari hii dozi kamili, na onyo la kutogusa pombe wakati wa dawa, hata rubisi ya harusi ya jirani. Akaacha maziwa kwa miezi kadhaa. Wiki ya pili alilala usiku kucha. Mimi ndiye niliyeamka, nikakaa kitandani namsikiliza anavyokoroma.

Kufikia Juni 2023 alikuwa kilo 69. Vinundu havikuisha vyote, na daktari alisema vinaweza kubaki hata dalili zikiisha. Kwa sababu uwezekano wa kugeuka limfoma upo, ingawa ni mdogo, anarudi kwa uchunguzi kila anapoitwa. Kwenye pochi yake kuna kadi inayosema ana upungufu wa imunoglobulini A, kwa sababu watu wa aina yake wachache wanaweza kupata mzio mkali wakiongezewa damu ya kawaida. Hospitali lazima ijue mapema.

Mama mkwe? Tulikaa naye, mume wangu akamchorea utumbo kwenye daftari. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba yule shemeji yake hakuna aliyemuuliza kitu hata siku moja, walimletea maziwa tu, wakanyamaza, wakidhani ndiyo huruma. Akainuka kwenda kuchemsha maji ya kunywa. Tangu siku hiyo anachemsha yenyewe, na wageni hunywa hayo hayo.

Kama ni wewe

Sitaki umalize kusoma ukiwa na huruma tu. Chukua haya, ubandike kwenye friji:

• Kuharisha kukizidi wiki nne, au kukirudirudi huku uzito unashuka, acha kubahatisha dukani. Nenda hospitali, na kipimo cha choo kifanywe zaidi ya mara moja.

• Pimeni VVU, pamoja. Ikiwa chanya, dawa zipo na maisha yapo. Ikiwa hasi, mshukuru Mungu, kisha uliza: sasa ni nini? Hasi si mwisho wa uchunguzi.

• Mwambie daktari historia yote, hata ya utotoni. Kifua cha darasa la pili kinaweza kueleza tumbo la miaka thelathini na nne.

• Maliza dozi, hata ukijisikia nafuu siku ya pili.

• Maji ya kunywa yachemke hadi yatokote kwa dakika moja nzima, shambani pia. Beba chupa yako, wenyeji wataelewa ukiwaeleza vizuri.

• Usisikie "vinundu" au "limfu" ukakimbilia kuandika wosia. Subiri majibu ya hadubini.

Na kuhusu ndoa, nisikudanganye kwamba kila kitu kilirudi kama zamani. Kwa miezi mingi alipochelewa kupokea simu nilijizuia kuuliza kwa ukali, na nilipouliza kwa upole alihisi nachunguza. Tulihama ratiba: sasa kila baada ya wiki sita mmoja wetu anasafiri, gharama tunazijua. Kila Desemba tunapima sote wawili siku moja, na majibu tunayafungua mezani kwa mama mkwe, naye akiwepo kama anataka. Neno "nimekusamehe" alilitamka mwaka uliofuata, tukiwa tunaanua kahawa kabla ya mvua, bila mimi kumkumbusha.

Kwa hiyo leo usiku mwenzako akiamka, usijifanye umelala. Washa taa, muulize, "Vipi, tumbo?" Halafu sikiliza jibu lote. Na kama una kisa kinachofanana na hiki, niandikie. Barua za mwezi huu nitazisoma mwenyewe.